Mshale wa Vichwa Viwili

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Mimi nilikuwa kijana wa chuo cha ualimu. Sote tulilifurahia jina kuliko kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima eksirei za angani. Mwaka 1971 Uhuru iliiona Centaurus X-3 ikipwita kila sekunde 4.8, tena ikifichwa na nyota mwenzake kila baada ya siku mbili na kitu. Ikafahamika kuwa ni nyota ya nyutroni: mabaki ya nyota iliyolipuka, pana kama kilomita 20 tu lakini nzito kuliko Jua. Humnyonya mwenzake gesi, na gesi hiyo ikimwangukia huwaka eksirei. Zile alizozigundua Jocelyn Bell mwaka 1967 hazili kitu. Hutoa mawimbi ya redio kwa nguvu ya mzunguko na sumaku yao, huku zikipungua mwendo polepole.

Nilipokuwa mkufunzi, kabla ya kupewa shule, nilizichora ubaoni safu mbili. Nikaeleza, kama wataalamu walivyokuwa wakisema tangu 1982, kwamba yenye kula huongezewa kasi na gesi, na chakula kikiisha hugeuka ya redio. Mshale mmoja. Katika mtihani binti mmoja akauchora una vichwa viwili. Nilimwita.

"Mwalimu, mwenzake si bado yupo karibu? Akitoa gesi tena je?"

Nikamwambia asibuni mambo. Nikamkata alama mbili.

Machi 2013, katika kundi la nyota la M28, nyota izungukayo mara 254 kwa sekunde, iliyokuwa imekwisha sikika kwa redio miaka ya nyuma, ilionekana ikiwaka eksirei za kula. Gesi ikisukuma kwa nguvu huufikia uso wa nyota. Ikipungua, sumaku inayozunguka huifukuza, na redio hurudi. Mwezi Mei redio ilirudi. Wiki chache, wala si mamilioni ya miaka! Juni mwaka huo huo nyingine, J1023, ikanyamaza redio na kujizungushia sahani ya gesi.

Daftari la alama za darasa lile ninalo bado. Nimemwongezea mbili kwa wino mwekundu, ingawa binti yule, ambaye naye huenda amekwisha staafu, hajui.