Morogoro: Mji Unaotegemea Maji ya Uluguru

Mji wa Morogoro upo chini ya miteremko ya kaskazini ya Milima ya Uluguru, takribani kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Chimbuko lake ni ngome ya Kisabengo ya karne ya 19, iliyorithiwa na binti yake, Simbamwene; misafara ya biashara kutoka pwani ilipita hapo. Reli ya Kati ilifika mwaka 1907.

Wenyeji huuita "mji kasoro bahari", na utani huo una ukweli, kwani maji ndiyo utajiri wake. Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam, huanzia Uluguru. Mto Ngerengere hulijaza Bwawa la Mindu, chanzo kikuu cha maji ya mji.

Hifadhi ya milima hiyo haijawahi kuwa jambo jepesi. Mwaka 1955 Waluguru waliipinga serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu isiyowaongezea mavuno. Leo kilimo cha miteremkoni, ukataji miti na moto huuacha udongo wazi. Mvua za masika huusomba hadi Mindu, na kina cha bwawa hupungua.