Kunde za Mwaka Mpya

Kila tarehe 1 Januari, kusini mwa Marekani, kuanzia Virginia hadi Texas, watu hula kunde. Si majani. Ni punje zenyewe, zile nyeupe zenye jicho jeusi, zikiwa zimepikwa polepole na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Pembeni kuna mboga za majani, ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu, na mkate wa unga wa mahindi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni bahati: kunde ni sarafu, mboga ni noti, mkate ni dhahabu. Kula, na mwaka mzima hutakosa pesa.

Mimi huishi kwa kuandika vibarua, na mwenye nyumba hapokei bahati, kwa hivyo hiyo habari ya pesa ilinivuta haraka. Kilichonifanya niendelee kusoma ni tarehe.

Wazungu wengi wa Kusini husimulia hivi. Mwishoni mwa 1864, Jenerali Sherman aliongoza jeshi la Kaskazini kutoka Atlanta hadi Savannah, wakichoma na kubeba kila kitu. Kunde wakaziacha, ati walidhani ni chakula cha mifugo tu. Wenyeji wakaponea hapo, na tangu siku hiyo kunde ni bahati. Hadithi tamu. Lakini hebu fikiria: jeshi lenye maelfu ya farasi na nyumbu linaachaje chakula cha mifugo?

Tena hadithi hiyo inaruka swali kubwa. Kunde zilifikaje huko?

Zilitoka kwetu, Afrika. Katikati ya Ghana, wanaakiolojia wamechimbua punje za kunde zenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Zilivuka Atlantiki kwenye meli za watumwa, zikiwa chakula cha safari, manake zikikauka hazisumbui kuhifadhi. Kufikia karne ya 18 zilikuwa zikilimwa Virginia na Carolina. Walioujua mmea huo, msimu wake na namna ya kuupika, ni wale waliofungwa minyororo kwenye meli hizo hizo. Wazungu walizidharau wakalishia ng'ombe, na hata jina lake la Kiingereza hadi leo lina ng'ombe ndani.

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba mtu mzima alipewa karibu kilo 3 na nusu za nyama ya nguruwe kwa mwezi, au samaki wa kiasi hicho, pamoja na unga wa mahindi. Basi. Kwenye pwani ya Carolina, mtu akimaliza kazi aliyopimiwa, aliruhusiwa kulima kipande chake kidogo. Ndipo sufuria ya Kusini ilipozaliwa: nyama kidogo ya kutia ladha, kunde nyingi za kujaza tumbo.

Yenyewe ni rahisi. Mfupa wa nguruwe wa moshi unachemshwa kwanza, kama saa moja, na kitunguu na pilipili kavu. Kunde zilizolowekwa zinafuata. Moto unapunguzwa hadi maji yanatetemeka tu, na chumvi inangoja mwisho, kwa sababu mfupa una chumvi yake.  Mchuzi haumwagwi, unafutwa kwa mkate hadi sahani ing'ae. Ukitia wali humo, unapata kile wanachoita Hoppin' John. Mwaka 1847 Sarah Rutledge, mwanamke Mzungu wa Charleston, alikichapisha katika kitabu chake cha mapishi: kunde nyekundu, mchele na nyama ya nguruwe. Miaka 17 kabla ya Sherman. Jikoni mwa matajiri wa Charleston waliopika walikuwa watumwa, lakini jina kwenye historia ya chakula hicho likawa la bibi mwenye nyumba.

Sasa turudi kwenye tarehe. Chini ya utumwa, 1 Januari haikuwa sikukuu. Ilikuwa siku ya kukodisha watu na kuwauza, mikataba ya mwaka ikianza na madeni yakilipwa. Harriet Jacobs, aliyezaliwa mtumwa North Carolina, alieleza katika kitabu chake cha 1861 jinsi mama mmoja alivyopeleka watoto saba mnadani siku hiyo. Wote saba walichukuliwa.

Halafu ikaja 1 Januari 1863. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa katika majimbo yaliyoasi lilianza kazi siku hiyo. Usiku wa kuamkia, watu Weusi walikesha makanisani wakisubiri. Ndiyo maana wapo Wamarekani Weusi wanaokwambia kwamba kunde za Mwaka Mpya ni za uhuru. Sherman hana lake hapo. Siku iliyokuwa ya kupoteza watoto wanaila pamoja, na chakula kilichovuka bahari pamoja nao.

Mambo haya yananigusa kwa sababu ya sufuria yetu. Mahindi na maharagwe, yaani githeri nzima, asili yake ni bara la Amerika. Yalianza kuingia pwani yetu enzi za Wareno. Kwa hiyo Mkikuyu anapika mazao ya Amerika na kuyaita ya kwao, na mtu Mweusi wa Georgia anapika ya Afrika na kuyaita ya Kusini. Sioni ubaya. Chakula huwa cha aliyekipika vizazi na vizazi.

Tofauti ni kwamba wao hawakuziacha zao. Mwanahistoria Claire Robertson ameonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyosukuma maharagwe ya kuuza nje hadi njahi zikarudi nyuma katika mashamba ya wanawake wa Kati. Leo Nairobi mwambie mama mboga unataka kunde, atakukatia majani. Punje, thoroko za Wakikuyu, nthooko za Wakamba, utazipata kwa muuza nafaka, gunia la pembeni. Wengi wa rika langu huziona chakula cha ushago.

Kuzipika hakuhitaji nguruwe wala Januari. Na tofauti na maharagwe, zinaiva kabla mtungi wako wa kilo 6 haujaanza kukutisha. Ukila, jua tu kwamba kuna watu waliporwa majina, lugha na watoto, na bado wakakumbuka namna ya kuzipika.