Modeli ya athari mseto

Modeli ya athari mseto ni njia ya takwimu inayotumika kuchanganua vipimo vinavyohusiana, kama picha za MRI za ubongo zinazopigwa kwa vijana walewale miaka inapopita.

Picha mbili za kijana mmoja hufanana zaidi kuliko za vijana wawili. Vilevile picha za mapacha, au za mashine moja. Zikihesabiwa kama zisizohusiana, matokeo huonekana ya hakika kuliko yalivyo. Kwa hiyo modeli huwa na athari za kudumu (umri, jinsia) na athari nasibu (mtu, familia, kituo). Utafiti wa ABCD nchini Marekani, wenye watoto zaidi ya 11,000 katika vituo 21, huhitaji ngazi hizo zote.

Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake, kwa picha 243 za watu 145, walikadiria kwamba maada ya kijivu katika sehemu ya mbele ya ubongo hufikia kilele kwenye miaka 11 hivi kwa wasichana na 12 kwa wavulana. Hata hivyo, mkunjo wa kipeo cha pili daima una kilele au bonde. Umri huo unaweza kubadilika mlinganyo ukibadilishwa.