Kotonii Isiyo Kotonii: Mwani Mwekundu na Vita vya Majina

Mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar huuzwa kwa majina mawili, spinosum na kotonii. Spinosum kitaalamu ni Eucheuma denticulatum. Kotonii ni Kappaphycus alvarezii, ilhali Kappaphycus cottonii yenyewe ni spishi nyingine kabisa. Soko limeng'ang'ania jina lisilo la mwani huo.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia vitabuni mapema. Mwaka 1895 Friedrich Schmitz alichapisha orodha ya mwani mwekundu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na humo ndimo ilimotajwa mara ya kwanza spishi ambayo leo ni Kappaphycus striatus.

Wakati huo jicho ndilo lililoamua, na mwani huu hulihadaa jicho. Mmea mmoja hunenepa au kukonda, hubadili rangi na matawi, kwa kufuata mwanga na nguvu ya maji. Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii alihangaika nao kwa miaka mingi. Mwaka 1985 aliutenga mwani uliokuwa ukilimwa Ufilipino kwa jina la tambalang, akauita Eucheuma alvarezii kwa heshima ya Vicente Alvarez. Mwaka 1988 akaanzisha jenasi mpya, Kappaphycus. Kigezo chake kimoja kilitoka kiwandani: Eucheuma hutoa karagini, ute wa mwani unaotumika viwandani, ya aina ya iota, Kappaphycus hutoa kappa. Kingine kilikuwa umbile, kwani miiba ya denticulatum huzunguka shina kwa mpangilio.

Kisha vikaja vinasaba. Utafiti wa Zuccarello na wenzake, 2006, ulithibitisha kuwa alvarezii na striatus ni spishi mbili. Ulionyesha pia kuwa alvarezii inayolimwa duniani kote inakaribia kuwa ya ukoo mmoja, huku baadhi ya sampuli za Afrika zikisimama peke yake. Mwaka 2014 ikatangazwa Kappaphycus malesianus, ambayo wakulima wa Sabah, Malaysia, walikwisha kuitofautisha na kuiita aring-aring. Maabara ilichelewa.

Kilimo cha kibiashara Zanzibar kilianza 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino. Utafiti wa 2015 ulikuta denticulatum ya Asia imetapakaa porini Afrika Mashariki, ikichukua nafasi ya ile ya asili. Hasara hiyo haikupigiwa kelele. Kabla ya kuagiza mbegu nyingine nje, mwani wa asili uliobaki ukusanywe, upimwe na uhifadhiwe.