Cheche Zinazozaliwa na Maji

Tumezoea kuamini kwamba maji ni adui wa umeme tuli, kwa kuwa hewa ikiwa na unyevu, nguo ya nailoni haitoi cheche. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Maji yakisugua kitu kisha yakaachana nacho, yenyewe huzaa umeme huo. Mwaka 1840, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Seghill, kaskazini mwa Uingereza, mwendesha mashine aliweka mkono mmoja kwenye mvuke uliovuja katika boila, na alipopeleka wa pili kwenye valvu akarukiwa na cheche. William Armstrong, wakati huo wakili mjini Newcastle, alilichunguza jambo hilo hadi akaunda mashine ya kutoa cheche kubwa kwa mvuke. Je, umeme ulitokana na maji kugeuka mvuke? Mwaka 1843 Michael Faraday alithibitisha kuwa sivyo: mvuke mkavu haukutoa kitu, bali matone yaliyobebwa na mvuke ndiyo yaliyozaa umeme kwa kusugua mdomo wa bomba.

Mtu atauliza: maji si hupitisha umeme, yatahifadhije chaji? Faraday alitia chumvi kidogo, na umeme ukatoweka, maana chaji zilipata njia ya kurudiana. Yote yamo katika kutengana. Tone likiteleza juu ya Teflon huacha chaji hasi na kuondoka na chanya, na plastiki haina pa kuipitishia iliyobaki.

Wala si mchezo wa maabara. Desemba 1969 meli tatu kubwa za mafuta, Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII, zililipuka, Mactra ikiwa katika Mlango-bahari wa Msumbiji. Matangi yake yalikuwa yakioshwa kwa maji ya kasi, na uchunguzi ulielekea kwenye ukungu wa maji uliojaa chaji.

Mwaka 2020 watafiti wa Hong Kong waliangusha tone la mikrolita 100 kutoka sentimita 15 juu ya utando wa Teflon, wakapata zaidi ya volti 140 na kuwasha taa ndogo 100. Wanaoona hapo mbadala wa mabwawa wapige hesabu. Volti hizo ni za kufumba na kufumbua, na nishati ya anguko hilo haifiki joule 0.0002. Balbu ya wati 5 ingehitaji matone zaidi ya 30,000 kila sekunde, hata kama hakuna kinachopotea.