Wazanzibari wa Chatsworth

Mnisamehe kwa ukimya. Nimekuwa na zamu za usiku mfululizo, na mwenye kujua zamu za usiku anajua kwamba mtu ukitoka huko hutaki hata kusikia sauti yako mwenyewe. Wa Masasi, Mtwara, Dar na Unguja, wote nawasalimu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mapumziko, tukakutana kama kawaida yetu, Watanzania watano na Mkenya mmoja, kwenye fleti ya rafiki yetu. Ugali tumepata (unga wa hapa ni mweupe mzuri tu), samaki wa kukaanga, bamia, pilipili. Mazungumzo yalikuwa yale yale ya kila wikendi: Simba na Yanga, nani kajenga nyumbani, nani kaoa bila kutuambia, umeme unakatika au haukatiki. Ndipo nikachokoza. Nikasema, "Jamani, mnajua kwamba Durban hii kuna Wazanzibari waliofika tangu 1873?" Dada yetu wa Unguja akaweka chini tonge. "Ukoo gani?" Nikamwambia hata Unguja wengi wao hawakuwahi kuishi. Basi ugomvi ukaanza hapo, na hadi saa nne usiku haujaisha. Nimeona niwaandikie na nyie, maana najua huko vibarazani mtaumalizia.

Kwanza niseme nilivyowajua. Miaka kadhaa nyuma nilimhudumia mama mmoja mzee sana. Jina lake na wodi naviweka kando, kazi yetu inataka hivyo. Kwenye fomu za hapa bado kuna kisanduku cha kujaza wewe ni mtu wa aina gani: Mwafrika, Mhindi, Chotara, Mzungu. Yake ilijazwa na mwenzangu kwa kumwangalia tu usoni. Usiku akaniita, akaomba maji. Hakusema kwa Kizulu wala Kiingereza. Alisema "maasi". Mie nikasimama kama nimepigwa na radi, kwa sababu bibi yangu Masasi hutamka karibu hivyo hivyo anapoongea Kimakua na dada zake. Nikamjibu "salama", basi yule mama akanishika mkono akacheka. Kimakua changu ni cha kuombea maji na kusalimia tu, lakini siku zile alizokaa pale tulikuwa tunapiga soga kila usiku, maneno mawili matatu, mengine ishara. Aliniambia wao wanaitwa Wazanzibari na wanakaa Bayview, Chatsworth. Nikadhani mzee anachanganya mambo. Kumbe mjinga nilikuwa mimi.

Haya, historia yenyewe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza na balozi wao John Kirk, alitia saini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini mnalijua, ndipo lilipojengwa kanisa kuu la Waanglikana. Kusaini ni rahisi, ila majahazi hayakuacha kupita. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata, na watu waliomo wakiachiwa huru. Sasa waende wapi? Kuwarudisha kwao hakukuwa kwenye mpango, tena njiani wangeweza kukamatwa upya. Baadhi walipelekwa misheni pale Unguja, na kuanzia 1875 wengine walipelekwa Frere Town, Mombasa.

Na Natal, yaani huku nilipo, walikuwa wanalia njaa ya vibarua. Wahindi wa mkataba walianza kuletwa Novemba 1860 kwa ajili ya mashamba ya miwa, lakini kuanzia 1866 hadi 1874 meli zao zilisimama. Hapo ndipo hesabu za watu wawili zilipokutana: mmoja ana watu hana pa kuwaweka, mwingine ana kazi hana watu. Agosti 1873 manowari ya HMS Briton ikashusha hapa bandarini watu 113. Hadi 1880 walikuwa wamefika takriban 500. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji. Na "huru" yenyewe ilikuwa hivi: unafungwa mkataba wa miaka mitano ya kazi, chini ya ofisi ile ile iliyosimamia vibarua wa Kihindi. Sijui mngeiita huru gani hiyo.

Kwa kuwa meli zilitokea Zanzibar, wakaandikwa Wazanzibari. Basi! Jina limetoka kwenye bandari, kama mzigo.

Wachache walikuwa Wakatoliki, lakini wengi walikuwa Waislamu. Mikataba ilipokwisha walikusanyika Kings Rest, kule Bluff, ng'ambo ya bandari, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya udhamini wa msikiti wa Juma, ule mkubwa wa Grey Street, ambao siku hizi mtaa wake unaitwa Dr Yusuf Dadoo. Pale wakaishi, wakaoana, wakasoma maulidi, wakaongea Kimakua chao kizazi baada ya kizazi. Sisi tuna watoto wamezaliwa hapa juzi tu na tayari ukiwasalimia Kiswahili wanakujibu Kiingereza!

Sasa ndiyo sehemu iliyotugombanisha Jumamosi. Mwaka 1950 serikali ya makaburu ilipitisha sheria mbili: moja ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, nyingine ya kugawa maeneo ya kuishi kwa rangi hizo hizo. Bluff ikawa ya Wazungu. Kings Rest ikabidi iondoke. Swali likawa, hawa ni nani? Wakihesabiwa Waafrika, wanapewa kipande, ule mpasi wa kutembea nao kila saa, na wanahamishiwa vitongoji vya Waafrika. Wazee wao wakashikilia kwamba wao ni Wazanzibari, Waislamu, watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 1961 wakaandikwa "Waasia Wengine", na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, mji uliotengewa Wahindi.

Mmakua kuwa Mwaasia! Meza nzima ilicheka, kisha kicheko kikaisha. Rafiki yetu mmoja akasema hao waliwakana Waafrika wenzao ili wapate nafuu. Dada wa Unguja akasema wamechukua jina la watu. Mimi nilikasirika, nakiri. Nikawauliza, Aprili 2015 nyie mlikuwa wapi? Mwaka ule wageni walipokuwa wakifukuzwa na kupigwa hapa Durban, Wamalawi, Wakongo na Warundi walilala kwenye mahema, na kambi mojawapo ilikuwa hapo hapo Chatsworth. Sisi kwenye daladala tulifunga midomo. Simu ikilia hupokei, maana ukisema "haloo mama" tu umejiuza. Mimi mwenyewe kuna abiria aliniuliza natoka wapi, nikamjibu kwa Kizulu changu cha wodini kwamba natoka Limpopo. Limpopo sijawahi kufika. Aliyewahi kuwa mtu wa Limpopo kwa dakika kumi asimhukumu mtu aliyekuwa Mwaasia kwa miaka 30, maana sheria zile zilifutwa 1991.

Wakanyamaza kidogo. Halafu Mkenya akasema Limpopo ni mbali sana kwa lafudhi yangu, tukacheka upya.

Lakini kinachonisumbua si hicho. Ni hiki: 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachiwa huru akielekea Ziwa Nyasa, na kundi likaishia kukaa Masasi. Yaani miaka ile ile, watu wa majahazi yale yale. Wengine wakapanda meli ya kuja huku, wengine wakatembea kwenda kule kwetu. Bibi husema babu wa babu yake "alikuja na wazungu wa kanisa". Hajui zaidi. Nami siwezi kujua kama yule mama wa wodini ni ndugu wa damu, na sitaki kujidai.

Alitoka hospitali siku ambayo sikuwa zamu. Aliniachia kwa mwenzangu salamu moja, "koxukhuru", na mwenzangu alidhani ni jina la dawa akaliandika kwenye karatasi. Ni asante ya Kimakua. Mkitazama vizuri mtaona shukuru yetu imo ndani.

Jumamosi ijayo nipo zamu, kwa hiyo ugomvi utaendelea bila mimi. Mama, ukienda kwa bibi muulize kama huyo babu alikuwa na ndugu aliyepotelea baharini. Nitapiga simu Jumapili jioni, saa moja ya huku, saa mbili ya kwenu.