Amani: Msitu Uliotoka Shambani

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyo Muheza na kuvuka hadi Korogwe, husifiwa kama msitu usioguswa na mkono wa mtu. Sifa hiyo inaficha mengi. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka miteremko ya huko, Derema na Kwamkoro, wakapanda kahawa, wakiamini kwamba penye miti mikubwa namna ile udongo hauwezi kuwa maskini. Kumbe rutuba ilikuwa kwenye majani yanayooza juu ya ardhi. Miti ilipoondoka mvua ikasomba rutuba hiyo, kahawa ikadhoofu. Mitaji ikahamia chini, kwenye mkonge unaostahimili ukame wa Korogwe na Handeni. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mwaka uleule ilipoanzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo Amani. Msitu uliobaki, kwa maoni yangu, uliokolewa kwanza na hasara ya wenye mashamba, wala si huruma yao.

Kuna watakaosema serikali ndizo zilizouokoa, kwa kuutenga kisheria tangu enzi za ukoloni. Zilitenga, ndiyo. Lakini hadi miaka ya 1980 magogo yalikuwa yakivunwa kwa mitambo ndani ya misitu hiyohiyo iliyotengwa, kwa msaada wa Finland, nchi ambayo baadaye iligharimia uhifadhi wake (misaada nayo ina vituko vyake). Palipokatwa magogo pakavamiwa na Maesopsis, mti wa kuletwa uliopandwa Amani na wataalamu wa taasisi yenyewe.

Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380, ilichukua bustani ya mimea ya taasisi ile pamoja na zaidi ya hekta 1,000 za msitu wa kampuni ya chai, kwa makubaliano. Mashamba ya chai yenyewe yalibaki. Derema mambo yalikuwa mengine: zaidi ya wakulima 1,000 wenye iliki chini ya miti walilipwa fidia na kuondolewa ili vipande vya msitu viungane. Hoja ya wahifadhi ina uzito, kwani mkulima wa iliki hupalilia miche yote ya msitu na kuacha miti mirefu ya kivuli tu, nayo ikianguka haina mrithi. Ila kwa hoja hiyohiyo chai, iliyofyeka msitu wote pale ilipopandwa, ndiyo ingepaswa kuondolewa kwanza. Kilichoikinga ni hati ya ardhi, ambayo wakulima wa iliki hawakuwa nayo.